Gobore namba 8: nipunguze vipi teke bila kupoteza shabaha?

Mtutu_Mnene
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Indiana, Marekani, huku gobore la kisasa ni mchezo wa kawaida. Langu ni namba 8 (goroli nane za madini ya risasi zenye upana wa mtutu zina uzito wa ratili moja), mtutu mmoja wenye michirizi ndani, la fataki, kilo 5.4. Nashindilia goroli ya gramu 54 na kitambaa, baruti nyeusi ya 1F (ya chembe kubwa) dramu 8 (gramu 14 hivi). Nikilenga nimekaa mezani, mita 50, goroli zinakwenda juu ya shabaha. Kidole cha kati kinavimba, shavu linapigwa, na leo nimeona ufa mwembamba kwenye mbao, nyuma tu ya ulimi wa chuma unaoshika mtutu. Ninunue pedi nene ya bega au kuna la zaidi?

Fundi_Shingo
Mkuu, kwanza acha kulipiga mpaka ushughulikie huo ufa. Ulimi wa chuma ndio unaobeba teke lote na unaipasua shingo ya kitako kama kabari. Toa mtutu, paka masizi ya mshumaa nyuma ya chuma chote kinachogusa mbao, urudishe, ubane, utoe tena. Masizi yakibaki kwenye mbao ya nyuma ya ulimi, umempata mwizi. Hapo panatakiwa nafasi ya nusu milimita. Teke lipokelewe chini, kwenye uso mpana wa chuma wa nyuma ya mtutu, ukae sawasawa kwenye mbao ngumu. Ukiona madoa mawili matatu tu ya masizi kwenye uso huo, jaza kwa epoksi (chuma ukipake nta kwanza isigande). Ufa wenyewe uingizie epoksi nyepesi, ufunge kwa mpira usiku kucha.

Pedi pekee haitakuokoa. Inatawanya teke, haipunguzi.

Baruti1F
Tuweke hesabu. Goroli ya gramu 54 ikitoka kwa mita 400 kwa sekunde, na moshi wa gramu 14 ukatoka kwa kasi zaidi, bunduki ya kilo 5.4 inarudi kwa mita 5.6 kwa sekunde. Hizo ni jouli 84 hivi. Shotgani ya kawaida namba 12 haizidi sana 30. Zaidi ya robo ya msukumo huo inatoka kwenye baruti, si goroli, na watu wengi wanalisahau hilo.

Shuka mpaka dramu 5. Kasi itaangukia kwenye mita 320 hivi na teke litakaribia jouli 47, karibu nusu. Kwa karatasi ya mita 50 huhitaji zaidi. Kisha panda kwa nusu dramu, goroli tano kila kipimo, uone kundi la matundu kwenye karatasi linapoanza kutawanyika. Simama hapo hata kama bega lako bado linataka. Na iwe baruti nyeusi tu. Baruti isiyo na moshi ndani ya gobore inapasua mtutu.

Mzee_wa_Mdeki
Mwanangu, meza ndiyo adui yako mkubwa. Ukikaa umeinama, bega halina pa kwenda, mtulinga unapokea kila kitu. Kulala chini ni mbaya zaidi. Tena mtutu ukiegemea moja kwa moja kwenye mfuko wa mchanga unaruka kabla goroli haijatoka mdomoni. Ndiyo sababu unapiga juu. Usiguse kilengeo kwa matokeo ya mezani.

Simama. Chimbia nguzo ya urefu wa kifua, mfuko wa mchanga juu, mkono wa kushoto ushike mbao ya mbele nao ndio ulale kwenye mfuko. Mguu wa kushoto mbele, magoti yalegee. Inua kiwiko cha kulia hadi usawa wa bega ndipo litokee shimo la kukaza kitako. Vuta kwa nguvu kabla ya kufyatua. Risasi ikitoka, uache mwili uende nyuma. Kuna wanaosema uegemee mbele ujikaze kama nguzo. Kwa bunduki ndogo sawa, kwa namba 8 unajiumiza bure.

Kidole cha kati: mkono wako wa kulia umelegea au kitako ni kifupi, kwa hiyo kilinzi cha kifyatulio kinakugonga. Dole gumba usilizungushe juu ya shingo, lilaze ubavuni, la sivyo siku moja litakutana na pua. Shavu nalo linaonyesha kitako kimeshuka sana nyuma: kinapanda badala ya kurudi moja kwa moja. Kama bati la kitako ni la umbo la mwezi mwandamo, libadilishe. Hilo liliwekwa la kukaa kwenye mkono, si begani. Unataka bapa na pana, sentimita 5 kwa 13 hivi.

Baruti1F
Naongezea: weka alama mbili kwenye mdeki (ufito wa kushindilia), mtutu mtupu na mtutu ulioshindiliwa. Selous, yule mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho, Tanzania ya leo, mwaka 1917, alikuwa na magobore namba 4 ya Isaac Hollis wa Birmingham, mepesi, chini ya kilo 6, kwa goroli za wakia 4. Fataki ikagoma, mbebaji akashindilia mara ya pili juu ya ya kwanza, lilipolia lilimrusha Selous. Alama ya mdeki inazuia hilo, na inakuonyesha pia goroli isiyofika kwenye baruti. Nafasi ikibaki katikati, mtutu unavimba.

Na kagua chuchu ya fataki. Tundu likiungua likapita milimita moja, gesi inarudisha nyundo nyuma.

Mtutu_Mnene
Asanteni sana. Kuongeza uzito je? Nataka kilo moja hivi.

Fundi_Shingo
Inawezekana, kilo 6.3 inashusha dramu zako 8 hadi jouli 72. Toboa matundu mawili chini ya bati la kitako, kipenyo milimita 20, kina milimita 130, yaachane milimita 12. Subu vipande vya madini ya risasi pembeni, usimimine ya moto kwenye mbao, kisha uvigandishe kwa epoksi visicheze. Vyote viwili ni gramu 920 hivi. Ila ukiweka zote nyuma mdomo utakuwa mwepesi na utaruka zaidi. Anza na tundu moja, upige, ndipo uamue la pili.