Rekodi ya Rachmaninoff ya Sonata ya Maziko ya Chopin (1930): Tupeane Uzoefu wa Kuisikiliza

Santuri Kuukuu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa rekodi moja tu: Sonata namba 2 (kazi ya piano yenye sehemu nne) ya mtunzi Chopin, opus 35, kama alivyoipiga mpiga piano Sergei Rachmaninoff Februari 1930 kwa kampuni ya Victor, Marekani. Ndiyo ile yenye machi ya maziko, yaani muziki wa mwendo wa msafara, ambayo hata asiyemjua Chopin ameshaisikia mahali. Kila mwenye kitu akiweke hapa: sikio liende wapi, nakala ichaguliwe vipi, nini kinaharibu usikivu. Ukisema "imenigusa sana" hutatusaidia. Tuambie imekugusa wapi, na hapo mpigaji kafanya nini.

Nianze na hali ya kazi ya siku zile. Hakukuwa na utepe wa sumaku, kwa hiyo hakukuwa na kukata na kuunganisha. Maikrofoni ilipeleka sauti kwenye sindano iliyochora mfereji kwenye sahani ya nta, na upande mmoja wa santuri ya inchi 12 ulibeba dakika nne na kitu hivi. Ukiteleza dakika ya nne, upande mzima unaanza upya. Na Rachmaninoff hakuwa mtu wa kusema "acha tu, ipite". Mnachosikia humo ni vipande virefu vilivyopigwa kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana hata pale mwendo unapochachamaa huoni mshono.

Besi wa Kwaya

Mimi niende moja kwa moja kwenye machi, yaani sehemu ya tatu, maana sifa za rekodi hii nusu yake zinatoka hapo.

Kwenye karatasi, Chopin anaanza kwa sauti ya chini, anapanda, anashuka, kisha inaingia sehemu ya kati ya D flati meja, ule wimbo laini. Baada yake machi inarudi ilivyokuwa, kwa sauti ya chini tena. Rachmaninoff hafanyi hivyo. Raundi ya kwanza anaianza mbali na kuipandisha hatua kwa hatua. Ukiisha wimbo wa kati, machi inarudi kwa nguvu zote, fortissimo, halafu inapungua taratibu mpaka inafifia. Yaani msafara wa maziko unakuja, unafika, kisha unaondoka zake.

Hakuitunga yeye mbinu hiyo. Ilikuwa ya mpiga piano Anton Rubinstein, na Rachmaninoff akiwa bado mwanafunzi Moscow alihudhuria zile konseti za kihistoria ambazo Rubinstein alizipiga msimu wa 1885 na 1886.

Sasa namna ya kusikiliza. Usipange sauti ya spika kwa kufuata mwanzo wa machi. Ukiipandisha hapo ili usikie vizuri, marudio yatakupasua na spika ndogo itakwaruza. Tafuta kwanza pale machi inaporudi, panga sauti hapo mpaka iwe kubwa bila kukereka, ndipo urudi mwanzo. Utasikia mwanzo ni mdogo kuliko ulivyozoea. Ndivyo inavyotakiwa.

Kingine, shika mkono wa kushoto. Yale mapigo mawili mazito yanayopokezana hayabadiliki mwendo hata sauti inapopanda. Wengi sauti ikikua na miguu yao inakimbia, lakini yeye mwendo kaufunga. Gonga kidole mezani kwa bari nane za mwanzo (bari ni fungu la mapigo kwenye noti), endelea kugonga hivyo hivyo, uone utaachana naye wapi. Atavuta kidogo mwishoni mwa sentensi, kisha atarudi kwenye kidole chako.

Mwalimu wa Solfa

Besi umemaliza, ila niwaongezee wanaojifunza kupiga. Wanaoiga rekodi hii huharibu palepale kila siku.

La kwanza ni ile noti yenye nukta. Noti ndefu ni robo tatu ya pigo, fupi ni robo. Mchovu huigeuza kuwa theluthi mbili kwa theluthi moja, na machi inaanza kuyumba kama ngoma ya harusi. Msikilizeni Rachmaninoff: ile noti fupi inachelewa, na inaingia karibu kabisa na inayofuata. Ukali wa machi yote umekaa kwenye noti hiyo.

La pili ni pedali, ile ya mguuni inayoacha sauti iendelee kulia. Ukiikanyaga mfululizo, yale mapigo mawili ya kushoto yanachanganyika na kuwa uji. Badilisha kwa kila pigo, mguu unyanyuke wakati kidole kinashuka.

La tatu, mtu anaanza raundi ya kwanza kwa nguvu kubwa mno. Yakifika marudio hana pa kwenda, anaishia kuugonga ubao. Pima kinyumenyume: tafuta kwanza fortissimo yako ya juu kabisa ambayo bado ina utamu, kisha gawa ngazi kurudi chini mpaka kwenye bari ya kwanza.

Na wimbo wa kati msiuwekee machozi. Yeye anaupiga karibu bila kuuvuta huku wala kule.

Fundi Vinanda

Mimi niongelee mwendo wa sahani, maana mitandaoni kuna nakala zimepanda na nyingine zimeshuka, halafu watu wanabishana "anapiga haraka" au "anapiga polepole" kumbe tatizo ni mashine.

Pima hivi. Sonata iko kwenye ufunguo wa B flati maina, na sehemu ya mwisho inafungwa kwa kishindo kimoja cha B flati maina. Washa programu ya kutunia gita kwenye simu, cheza kishindo hicho. Ikionyesha A au B, nakala imekosea nusu toni nzima, na nusu toni moja ni kama asilimia 6 ya mwendo. Kwa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, maana yake ilizungushwa karibu 74 au karibu 83. Tofauti ndogo chini ya hapo usihangaike nayo, piano yenyewe huenda haikuwa kwenye hezi 440 kamili, kipimo cha kawaida cha kutunia.

Kelele ya mchakarisho pia isiwatishe. Nakala iliyosafishwa mpaka kimya ni ya kuogopa kuliko yenye mchakarisho, kwa sababu kichujio kinachoondoa kelele za juu kinaondoka na mlio wa nyundo kugonga waya, na piano inabaki kama imefunikwa blanketi. Nakala yenye kelele ya wastani, isiyopanda na kushuka, sikio linaizoea baada ya dakika moja. Ikikukera, punguza kidogo treble (sauti kali za juu) wewe mwenyewe. Na tafadhali, msisikilize machi kwa spika ya simu. Sauti za chini za mkono wa kushoto haiwezi kuzitoa, mnabaki na mkono mmoja.

Noti kwa Noti

Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Mnamsifia kwa kitu ambacho Chopin hakuandika. Pia katika sehemu ya kwanza anaruka marudio ya mwanzo, yaani harudii fungu la mwanzo mara ya pili. Je, hayo nayo tuyasifie?

Santuri Kuukuu

Mkuu, hayo marudio yana kesi yake. Sehemu ya kwanza ina bari 4 za Grave (mwendo mzito wa polepole), kisha ndiyo mwendo unaongezeka maradufu. Chapa ya noti ya Ujerumani iliweka alama ya kurudia kwenye bari ya 5, chapa ya Ufaransa haina alama hapo. Ndiyo maana wataalamu kama Charles Rosen walishikilia kwamba mpigaji arudi mpaka kwenye Grave. Rachmaninoff kaikwepa kesi yote kwa kupita moja kwa moja. Nakubali kwamba sehemu hiyo inabaki fupi. Kwa anayetaka usawa wa karatasi, asikilize kwanza mpigaji anayerudia, kisha arudi huku. Ila kwenye machi siyumbi: kavunja agizo, na kavunja kwa mpango unaosikika kuanzia bari ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwalimu wa Solfa

Na sehemu ya mwisho mbona imesahaulika? Bari 75, mikono miwili inakimbia noti zilezile kwa umbali wa oktava, hakuna wimbo, hakuna pa kupumua. Chopin mwenyewe kwenye barua ya 1839 alisema mikono hiyo inapiga soga baada ya machi. Kaagiza sauti ya chini na noti zishikane, basi. Wengi wanaipiga kwa kiwango kimoja kama cherehani. Rachmaninoff anaijaza mawimbi: sauti inavimba, inazama, inavimba upande mwingine. Isikilizeni kwa hedifoni mara mbili, mara ya kwanza mkifuata sauti za juu tu, ya pili za chini tu. Inaisha kwa dakika moja na ushee, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Mgeni Jijini

Samahani wakubwa, nakala ipi basi? Na kuipakua ni halali?

Fundi Vinanda

Ipo kwenye boksi la CD 10 la rekodi zake zote lililotolewa mwaka 1992, na kampuni nyingine zimeihamisha upya kutoka kwenye santuri. Cheza dakika moja ya machi kwenye kila nakala unayoipata, pima kwa programu ya kutunia, chagua ambayo besi haijakatwa. Kuhusu haki, nchi za Umoja wa Ulaya ulinzi wa rekodi ya 1930 ulishakwisha, ila Marekani rekodi zilizotoka mwaka huo zinakuwa huru Januari 2031. Na ukikuta nakala iliyoandikwa "roli za piano", hiyo si rekodi hii. Roli ni karatasi yenye matundu inayoendesha piano yenyewe, haina uhusiano na maikrofoni ya Victor.