Mhusika wa gemu akikutoa machozi, sifa ni za hadithi au za uchezaji?

Mleta mada: Wakuu, asiyetaka kuharibiwa utamu wa gemu za zamani apite. Wapo wanaoamini mhusika hapendwi mpaka studio imwage hela kwenye sura, waigizaji wa sauti na vipande vya video. Napinga. Mhusika hupendwa kwa yale unayofanya naye.

Chukueni Brothers: A Tale of Two Sons ya 2013. Ndugu wawili, pedi moja ya kuchezea gemu: mkono wa kushoto unamwongoza kaka, wa kulia mdogo wake. Lugha yao haieleweki hata kidogo. Mdogo anaogopa maji, kwa hiyo penye kuogelea hujishika mgongoni kwa kaka. Kaka anakufa. Baadaye mdogo anafika majini peke yake, anagoma kuingia. Unabonyeza kitufe chake wee, wapi! Mpaka ubonyeze cha marehemu, ndipo anajitosa. Video gani ingefanya hivyo?

Mchangiaji 1: Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. The Walking Dead ya studio ya Telltale (2012) ina uchezaji gani wa maana? Unachagua jibu kabla muda haujaisha, basi. Ila yule mtoto Clementine watu walimpenda kama wa kumzaa. Ni uandishi ule, na sauti ya Melissa Hutchison. Itoe sauti hiyo uone kitakachobaki.

Mleta mada: Sauti nakupa. Lakini kuchagua ndiko kucheza kwenyewe! Unamjibu mtu kwa ukali, mtoto anasikia, kisha maandishi yanatokea kwamba Clementine atalikumbuka hilo. Aibu inakuwa yako, si ya mwandishi.

Mchangiaji 2: Na Aerith wa Final Fantasy VII, 1997? Sauti hana, mikono kama matofali, anauawa kwenye video na wewe huna la kufanya. Watu walilia hivyo hivyo. Nadhani kilichouma zaidi ni kwamba alikuwa hodari wa kuponya kikosi kizima; umempandisha levo kwa jasho, halafu unakwenda kupanga timu, hayupo.

Mchangiaji 3: Mnabishania machozi, mimi nauliza nani anayavuna. Kuna gemu za simu zinazouza wahusika kwa bahati nasibu. Mwaka 2018 Ubelgiji ilisema maboksi ya bahati ya kulipia, yale unayonunua bila kujua kilichomo, ni kamari. Sawa, ila sheria ile iligusa boksi tu. Mhusika anayekuambia "mbona jana hukuja?" ili urudi na pochi, je?

Mleta mada: Kwenye bahati nasibu sina ubishi, huo ni wizi wa kistaarabu. Lakini Tamagotchi wa 1996, yule mnyama wa kielektroniki wa mfukoni, naye alikuwa akilia umhudumie, ukimsahau anakufa, wala hakuwa na duka ndani yake. Kwa hiyo kosa si kumfanya mchezaji ajione anahitajika. Mstari tuuchore wapi? Mnaotengeneza gemu, jitokezeni.