Sindano ya kupungua na kitanda cha taa nyekundu: naombeni ushauri kabla sijalipia

Binti_Sakina (mleta mada):
Heshima kwenu wakuu. Nipo Arusha, umri 37, urefu sentimita 162, kilo 97. Presha imeanza kupanda, magoti ndiyo usiseme. Ngazi za ofisini nikimaliza kuzipanda nashindwa hata kuitikia salamu. Diet nimefanya, nimefunga, ndimu na tangawizi nimekunywa mpaka vidonda vya tumbo vikaamka. Napungua kidogo, halafu zinarudi zote na nyongeza juu.

Sasa kuna kliniki ya urembo hapa mjini, sitaitaja, wamenipa kifurushi cha miezi mitatu: sindano kila wiki, pamoja na kulala kwenye kitanda cha taa nyekundu ili "kuyeyusha nyama uzembe". Wanataka hela yote mkononi kabla hawajaanza. Nikaomba nione dawa. Dada wa mapokezi akafungua friji ileile yenye soda zao, akatoa kichupa kidogo kama cha penisilini, kifuniko cha bluu, hakina lebo, ubavuni kimeandikwa "10" kwa maka peni. Nauliza hii ni dawa gani, ananijibu "ileile ya mastaa".

Nisaidieni: hizi sindano zinafanya kazi kweli au tunapigwa? Nikiacha narudi nilikotoka? Mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili mwakani, kuna tatizo? Mdogo wangu naye anaitaka, tunaweza kununua peni moja ya sindano tukachangia? Na hiyo taa mnaionaje?

Wa kunitukana aende jukwaa la siasa.

Mangi_wa_Rau:
Dada, punguza kitimoto na chipsi za usiku, kila Jumamosi panda Kibosho kwa miguu. Hiyo hela nunua mbuzi.

Nesi_Ngaramtoni:
Mangi na wewe! Kilo 97 kwa urefu huo ni BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 37 hivi, na kuanzia 30 tunaita kiribatumbo. Ni ugonjwa, usiuchukulie kama uvivu. Mwili ukishazoea uzito mkubwa unaupigania: ukila kidogo, njaa inaongezeka na matumizi ya nguvu yanapungua. Ndiyo maana mleta mada anarudi palepale kila mara. Kutembea ni kuzuri sana kwa presha na sukari, ila kwa magoti hayo Kibosho utamuua.

Mfamasia_Pasua:
Nipo Moshi, kazi yangu ni dawa. Naanza na hicho kichupa maana ndicho kimenishtua.

Dawa zinazozungumzwa ni mbili hasa. Kuna semaglutaidi, inayouzwa kama Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa uzito, inatengenezwa na Novo Nordisk ya Denmark. Nyingine ni tirzepataidi, yaani Mounjaro au Zepbound, ya Eli Lilly ya Marekani. Mara nyingi zinakuja kwenye peni. Hata ukizikuta kwenye kichupa, lazima kiwe na jina la dawa, nguvu yake, namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Hicho chako kina "10". Kumi nini? Miligramu? Uniti? Semaglutaidi ya kupunguza uzito inaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, unakaa hapo wiki nne, kisha unapanda ngazi kwa ngazi hadi 2.4. Mtu akivuta kwa bomba la insulini bila kujua hesabu, ni rahisi mno kuzidisha. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya vichupa vya namna hiyo, kuna waliojichoma mara 5 hadi 20 ya dozi waliyoandikiwa wakaishia hospitali. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza Ozempic feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa kwao zinapenya, sisi je? Waombe boksi lenye jina la dawa, kisha uliza TMDA, mamlaka yetu ya dawa, kama imesajiliwa.

Zinafanya kazi? Ndiyo, sana. Zinaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ile inayouambia ubongo kwamba umeshiba, na zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Kwenye utafiti mkubwa wa semaglutaidi 2.4, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, wakati waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2 na kitu. Tirzepataidi kwa dozi ya juu ilifika karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Wote hao walikuwa wanaelekezwa pia namna ya kula na kufanya mazoezi, hilo wauzaji huwa hawalisemi.

Ukiacha: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha kama theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo ifikirie kama dawa ya presha. Miezi mitatu ndiyo kwanza uko kwenye kupandisha dozi, sijui hao wanakuuzia nini.

Mtoto: dawa hizi hazitumiki kwenye ujauzito. Semaglutaidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Halafu wengi wakipungua mayai yanaanza kupevuka vizuri, mimba inakuja hawajajipanga. Na kama unatumia vidonge vya majira, tirzepataidi inaweza kuvipunguzia nguvu, ongeza kondomu wiki nne baada ya kuanza na kila unapopandishwa dozi.

Peni moja watu wawili: HAPANA. Hata mkibadilisha sindano ya mbele, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya peni. Homa ya ini na VVU haviulizi kama ni mdogo wako.

Shem_wa_Kijenge:
Mke wangu ana kisukari, anatumia Ozempic kwa maelekezo ya daktari. Mwezi wa kwanza nyumbani hatukuchoma nyama, harufu tu ilikuwa inamtoa nje. Kichefuchefu, choo kigumu, akila vijiko vitatu vya mtori anasukuma sahani. Baadaye ikatulia, sukari imeshuka vizuri na kilo zimepungua.

Ninachotaka kusema ni ubaridi. Kuna kipindi tuliikosa hapa mjini, ndugu yetu wa Nairobi akatununulia, ikaja na basi kupitia Namanga ndani ya kopo la aiskrimu lililojaa barafu. Naipokea stendi, peni imeganda kama lambalamba. Mke akasema tuiyeyushe. Nikampigia daktari, akasema itupeni, ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Hela ile nikiikumbuka naumwa kichwa. Kwa hiyo mleta mada, hiyo friji ya soda inayofunguliwa kutwa iangalie kwa jicho la tatu.

Ngozi_Njema:
Nijibu la taa maana naona mmeiruka. Tiba ya mwanga ipo kweli, na ni ya zamani. Niels Finsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Watoto wachanga wenye manjano wanalazwa chini ya taa za bluu, kila mama aliyejifungulia hospitali kubwa ameshaziona. Psoriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kutoa magamba, nayo inatibiwa kwa aina fulani ya mionzi ya urujuanimno (UV), iitwayo UVB.

Ila taa nyekundu ya kuyeyusha mafuta ni habari nyingine. Madai ni kwamba mwanga wa nanomita 635 hivi unazifanya seli za mafuta zivujishe yaliyomo. Tafiti zilizopo ni ndogo, na wanapima kwa futikamba: kiuno kupungua sentimita chache. Mzani hausogei kwa maana yoyote. Mafuta hayo hata yakitoka kwenye seli, mwili usipoyatumia yanahifadhiwa tena. Haitibu presha wala magoti. Ukilala humo vaa miwani ya kukinga macho, na hakikisha si taa ya UV maana hiyo inaunguza ngozi. Wanaiweka pamoja na sindano ili sindano ikifanya kazi, sifa iende kwa kitanda. Kama una shida ya ngozi yenyewe, hospitali ya KCMC pale Moshi wana kituo cha mafunzo ya ngozi, RDTC, nenda uonwe na wanaoijua.

Mama_Kiboriloni:
Mwanangu Binti Sakina, pole. Mimi nasikia hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni, hiyo si nafuu kuliko kujichoma kila wiki?

Nesi_Ngaramtoni:
Shikamoo mama. Ni kweli wanaweka, ila puto nalo lina muda wake wa kutolewa, na mtu akirudia ulaji wa zamani kilo zinarudi vilevile. Hilo Sakina akaliongee na daktari akishapimwa.

Binti_Sakina:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo mchana niliwapigia nikaomba jina la dawa, boksi, na jina la daktari anayesimamia. Wakaniambia daktari "yupo Dar, anatuelekeza kwa WhatsApp", na kwamba nikilipa leo taa wananipa bure! Nimekata simu. Nataka kumuona daktari wa magonjwa ya ndani wiki ijayo. Niende na nini?

Mangi_wa_Rau:
Taa bure, haya. Mbuzi wangu bado yupo lakini.

Nesi_Ngaramtoni:
Nenda bila kula asubuhi, wanaweza kukupima sukari na mafuta kwenye damu. Mwambie kama kwenu kuna aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo, hasa ile ya medula, maana mwenye hiyo ya medula kwenye ukoo hachomwi sindano hizi kabisa. Mwambie pia kama umewahi kuugua kongosho au mawe ya kifuko cha nyongo, na hivyo vidonda vya tumbo ulivyovitaja. Usisahau kumwambia habari ya mtoto, hiyo peke yake inaweza kubadilisha mpango mzima. Beba dawa zote unazotumia, na za kienyeji humohumo.

Ukianza sindano na ukapata maumivu makali ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni, usije kuuliza hapa. Nenda hospitali usiku huohuo.

Binti_Sakina:
Sawa dada. Na huyu mdogo wangu ana kilo 68, mrefu kuliko mimi, anataka tu gauni la harusi limkae.

Mfamasia_Pasua:
Huyo mpeleke kwa fundi cherehani.