Mjadala: Mikutano ya hadhara ni haki yetu au ni fadhila ya kiongozi?

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, naomba tulijadili jambo hili bila kutanguliza vyama vyetu. Kwa nini viongozi husifu uhuru majukwaani, kisha katika utawala wao wakauzungumzia kana kwamba wao ndio waliotupa na wanaweza kuuchukua wakitaka?

Katiba ya mwaka 1977 haina utata hapa. Ibara ya 18 inatambua uhuru wa kila mtu kutoa maoni yake, na Ibara ya 20 uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani. Sheria nayo haikitaki chama cha siasa kuomba kibali cha mkutano wa hadhara, bali kuwapa polisi taarifa saa 48 kabla. Hata hivyo, mwaka 2016 mikutano hiyo ilizuiwa kwa tamko la Rais Magufuli, na Januari 2023 ikafunguliwa kwa tamko la Rais Samia. Uamuzi wa pili ulikuwa mwema, nami niliufurahia. Lakini tulimshukuru kiongozi kwa kitu ambacho Katiba ilikwisha kutupa, na kwa shukrani ile tukakubali, pengine bila kutambua, kwamba ni mali yake.

Matokeo yake tumeyaona hapa hapa kwetu. Mwaka 2018 mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo, Joseph Mbilinyi, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyosema jukwaani dhidi ya Rais. Agosti 2024, wakati falsafa ya Rais Samia ya maridhiano na ustahimilivu ikihubiriwa kila mahali, polisi walipiga marufuku kongamano la vijana wa CHADEMA jijini Mbeya, wakawakamata viongozi wao pamoja na mamia ya vijana.

Najua hoja itakayoletwa: amani kwanza. Naiheshimu, kwa kuwa hakuna mkulima wala mfanyabiashara anayetaka vurugu. Lakini tukumbuke Nyololo, Mufindi, Septemba 2012, ambako mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, wakati polisi wakizuia shughuli ya chama cha siasa kwa jina la utulivu huo huo, na askari mmoja akaja kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Amani ya Nyololo haikulindwa na katazo lile.

Wapinzani nao wasijione wamesalimika. Anayedai uhuru wa kuikosoa Serikali, kisha akamwita msaliti mwanachama mwenzake anayehoji uongozi wa chama, ana mtazamo ule ule wa wale anaowapinga. Tofauti ni kwamba bado hajashika dola.

Ninachopendekeza ni hiki: afisa wa polisi anayezuia mkutano alazimike kupeleka ushahidi wa hatari anayoidai mbele ya hakimu kabla ya siku ya mkutano, na chama kipewe nafasi ya kujibu. Anayeona kwamba utaratibu huo utawafunga polisi mikono naomba aeleze ni kwa namna gani, na aeleze pia kama angekubali chama chake kizuiwe kwa neno la afisa peke yake.