Tajiri anataka VTS ya basi izimwe, nikubali au nirudishe ufunguo?

Suka wa Kati
Wakuu, heshima kwenu. Naendesha basi, Dar–Mwanza. Tajiri analalamika tunachelewa, abiria wanahamia kwa wenzetu. Kaleta fundi wa kuichezea VTS, kile kifaa cha kufuatilia gari, ili mwendo usisomeke LATRA, wale wa mamlaka ya usafiri wa ardhini. Nikigoma, madeiwaka, madereva wa kibarua, wamejaa pale stendi ya Magufuli wanasubiri kiti. Nina watoto watatu. Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Fundi Waya
VTS siyo spidi gavana, mkuu. Gavana inabana mafuta, gari lenyewe linagoma kuongeza. VTS haikuzuii, inakuchongea: sheria ni 80, ukipita 85 kosa linaandikwa. Na ukiikata umeme ina betri yake ndani, wanaona imechomolewa. Huyo fundi anamla hela tajiri wako.

Bi Tatu
Mnatuua nyie. Mimi nilishukia Gairo usiku na mabegi yangu, dereva anapita malori kwenye kona kama kaiba. Konda ananiambia, "Mama una roho nyepesi." Nikalala gesti na mtoto, nauli sikurudishiwa. Mpaka leo nikiona lile basi natema mate.

Mbeba Boksi
Niko Uingereza, lori langu limefungwa 90. Mwenzangu mbele anaenda 89, nikitaka kumpita tunakwenda sambamba weee, huku nyuma magari madogo yamejaa yananilaani. Kanyaga utoboe sakafu, halisogei. Mshahara uleule na usingizi napata.

Suka wa Kati
Mkuu hongera, ila hapa si Ulaya.

Kiroboto
Swali dogo. I-button, ile ya kumtambulisha dereva kwenye VTS, inayosoma humo ni ya nani? Maana umewahi kutuletea watoto, hilo umelirukia.

Suka wa Kati
Inahusiana nini?

Kiroboto
Jibu.

Suka wa Kati
Haya. Ni ya shemeji. Mimi nimefungiwa, mambo ya mwendo hayohayo. Lakini shemeji karidhia mwenyewe, kila safari namkatia chake, sioni nimemuibia nani. Na Fundi Waya, hujui kila kitu: kifaa kishachezewa, jana tumeshuka Kitonga hakuna mlio wala simu.

Bi Tatu
Kumbe ushaanza! Sasa ushauri wa nini?

Mwana Nzega
Shemeji kwa maana ya kaka wa mkeo? Siku ukigonga, jina linalosomeka ni lake. Mkeo atapeleka chakula mahabusu kwa nani kwanza?

Kiroboto
Ngojeni. Kitonga? Mwanza unapita Dodoma, Singida, Nzega. Kitonga iko njia ya Iringa! Wakuu tumekunywa chai, tena ya rangi.

Mbeba Boksi
😂😂 Na mimi nimeandika insha.

Suka wa Kati
Njia nimeibadilisha makusudi. Mnataka tajiri anijue? Ndiyo maana watu hawaombi ushauri humu.

Kiroboto
Na watoto watatu umewabadilisha?

Mwana Nzega
Iwe chai iwe supu, mimi hilo la ratiba nalijua. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Ukishikilia 80 bila kusimama hata kuchimba dawa, karibu saa 14. Bado vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki chini ya mwembe. Tajiri akikupangia kufika saa 12 jioni wakati umetoka saa 12 asubuhi, hajakuambia ukimbie, lakini kakuambia. Na tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, giza mnalikimbilia nini?

Suka wa Kati
Abiria ndio wanataka kufika mapema.

Bi Tatu
Abiria yupi? Mimi sijakutuma.

Fundi Waya
Suka, huyo fundi alitoza shilingi ngapi? Nauliza tu.

Kiroboto
Fundi!

Mbeba Boksi
Taja jina la basi, mama mkwe anasafiri Ijumaa.

Mwana Nzega
Ili apande au asipande?