Mafundi wa Mwanza, kuingiza skrubu ya pampu siyo kuongeza nguvu, ni kuua injini za watu

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na simung'unyi maneno. Kinachofanywa kwenye Hilux za zamani hapa Mwanza, hizi zenye injini za dizeli za Toyota za 2L na 3L, zinazobeba dagaa, sangara, mchanga na mahindi, ni uharibifu wa mali za watu.

Utaratibu ni uleule. Mwenye gari anafika gereji, anasema gari halivuti, likitoka soko la samaki la Mwaloni na mzigo kilima chochote ni gia ya kwanza. Fundi hapimi kitu. Anavunja sili ya skrubu ya kiasi cha dizeli iliyo mgongoni mwa pampu ya dizeli, analegeza nati, anaingiza skrubu nusu mzunguko, anapiga resi mpaka uwanja mzima unajaa moshi mweusi, kisha anasema "bosi, sasa hivi inavuta". Kweli, siku za mwanzo inavuta kidogo. Halafu linaanza kuchemsha, hedi inapasuka, na fundi yuleyule anakuuzia hedi ya mtumba.

Jamani, tuko ukingoni mwa ziwa, hatuko usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. 3L ya cc 2,779 hutoka kiwandani na nguvu za farasi kama 90, na haina turbo ya kuisukumia hewa. Inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo hata ikiwa nzima kabisa, huku kwetu imeshapoteza sehemu ya nguvu zake. Kilichopungua ni hewa, wewe unaongeza dizeli! Dizeli isiyopata hewa inaungua kwa kuchelewa na nyingine inatoka moshi. Joto la ekzosi linapanda, oili inajaa masizi, na hedi za ukoo huu wa injini za L, ambazo miaka yote zinajulikana kwa kupasuka katikati ya valvu, zinakwenda. Kama kuna cha kufanya na skrubu ile kwa mwinuko huu, ni kuirudisha nyuma kidogo.

Likianza kuchemsha, tiba yao ni kung'oa thermostati, ile valvu ya joto kwenye njia ya maji, na kuitupa. Huu nao ni uharibifu. Thermostati ya injini hizi ina sahani ya pili chini yake: maji yakipata moto, ile ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ile ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na kwenye mlima na mzigo gari linachemsha kuliko mwanzo. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta bure.

Sasa niseme kazi inayotakiwa kufanyika kabla mtu hajaomba senti ya "kuongeza nguvu", maana nyingi ya pikapu hizi hazihitaji nguvu mpya, zinahitaji kurudishiwa zilizopotea.

Anza na waya wa akselereta. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, mwingine aangalie mkono wa pampu kama unagusa skrubu ya mwisho. Waya ukilegea mkono unaishia njiani, na gari linaitwa bovu kwa kosa la kukaza nati mbili. Kisha filta ya hewa. Barabara za vumbi za vijijini zinaijaza haraka, na kuipuliza kwa kompresa kila mara kunaitoboa. Nunua mpya.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na hapa sikubali mjadala. Injini iwe ya moto, plagi za hita zote zitolewe, waya wa solenoidi (swichi ya kukata dizeli) ya pampu uchomolewe ili isipige dizeli, geji ifungwe kwenye tundu la plagi. Injini nzima ya 2L au 3L inatoa bar 30 na kitu. Ikifika 20 au chini, ringi au valvu zimekwisha, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Injini yenye bar 18 huwezi kuiongezea nguvu kwa kitu chochote kile, unaharakisha kifo chake tu.

Tapeti, yaani nafasi kati ya kemu na valvu: injini ikiwa ya baridi, valvu za inteki 0.20 hadi 0.30 mm, ekzosi 0.40 hadi 0.50. Hizi zenye shimu (visahani vya kurekebisha nafasi) juu ya vikombe zinabana kadiri valvu inavyozama kwenye kiti, hazipigi kelele, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Valvu isiyofunga vizuri inaungua na kompresheni inakimbia.

Nozeli zinazonyunyiza dizeli zikapimwe kwenye benchi: presha ya kufunguka, umbo la mnyunyizo, na kama zinadondosha. Nozeli inayodondosha inatoa moshi na kugonga, na kuna mafundi wanaoitibu kwa kugusa pampu. Taiming ya pampu, yaani wakati dizeli inapoingia, iwekwe kwa dayal geji (kipimo cha sindano) baada ya kubadili mkanda, si kwa sikio. Fundi wa sikio anaizungusha pampu mpaka mlio ukolee, maana mlio mkali unasikika kama nguvu. Ni dizeli inayoingia mapema mno na kupiga pistoni ikiwa bado inapanda.

Na kama hedi imeshafunguliwa, angalia gasketi. Injini hizi zina gasketi za unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F: B ni 1.40 hadi 1.50 mm, D mpaka 1.60, F mpaka 1.70. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Huku watu wanafunga yoyote iliyopo dukani. Ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, kompresheni inashuka na gari linakuwa zito kuliko lilivyoingia.

Njia ya bei nafuu ambayo haitajwi kabisa ni difu, zile gia za kwenye ekseli. Hesabu meno: 37 kwa 9 ni 4.1, 41 kwa 9 ni 4.56. Ukitoka 4.1 kwenda 4.56 unapata mvuto wa karibu asilimia 11 zaidi kwenye tairi, yaani kiasi kilekile ulichonyang'anywa na mwinuko, bila kugusa injini. Spidi ya juu itapungua, lakini gari la dagaa halina mbio. Kama ni 4WD, badili difu zote mbili kwa uwiano mmoja. Na ondoa hayo matairi makubwa ya inchi 31. Uzuri wake unaulipia mlimani.

Turbo inawezekana, na kwa mwinuko wetu ndiyo dawa yenye mantiki, lakini siyo kwa namna inavyofungwa. Manifoldi na turbo ya CT20 ya 2L-T, yaani 2L yenye turbo ya kiwandani, hukaa kwenye 3L kwa sababu ni ukoo mmoja. Kosa linaanzia kwenye oili: bomba la kurudisha oili linawekwa jembamba au linapinda, oili inasimama ndani ya turbo na kuvuja kwenye sili zake. Liwe pana, lishuke moja kwa moja mpaka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), juu ya usawa wa oili. Presha ya turbo isizidi bar 0.5. Geji ya joto la ekzosi ni lazima, na sindano ikikaribia nyuzi 700 za Selsiasi toa mguu. Bomba la ekzosi liwe inchi 2½, oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Skrubu ya pampu inaguswa mwisho kabisa, robo mzunguko au pungufu, huku unaangalia geji.

Wanaouza "chipu" na sumaku za kufunga kwenye bomba la dizeli, waacheni watu. Pampu ya 3L ni ya chuma na springi, haina kompyuta ya kuambiwa kitu.

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyeuliza kuhusu kubadili injini. 5L ya cc 2,986 inakaa kwenye viti vilevile na gia boksi ileile ya 3L, ndiyo yenye usumbufu mdogo. 1KZ-TE, dizeli nyingine ya Toyota yenye turbo, ina nguvu zaidi, lakini inataka kompyuta yake na waya zake zote, na hedi yake nayo inapasuka ikichemshwa. Namba ya injini ipo kwenye kadi, kwa hiyo pitia TRA.

Na mkuu wa Sengerema aliyeuliza kuhusu dizeli ya madumu: ile ya mialoni inakuja na maji, mara nyingine na mafuta ya taa. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe. Fungua kikombe cha filta kila wiki umwage maji.

Mwenye kujua gereji hapa mjini yenye geji ya kompresheni, dayal geji na benchi ya nozeli inayofanya kazi, aweke mtaa hapa chini. Na wewe mteja, dai vipimo vya silinda zote nne viandikwe kwenye karatasi kabla hujatoa hela.