Tupeane uzoefu: tamthilia iliyokushika moyo ukiwa Kigoma au Tabora

Binti Mwanga
Wana Kigoma wenzangu na watani zetu wa Tabora, salaam. Jana usiku nimelala na donge kooni, asubuhi nikasema hapana, hili nililete.

Tulikuwa sebuleni mimi na mama, tamthilia ya Dar inaendelea, jina silitaji. Kwenye lile jumba lao kaletwa mlinzi mpya wa getini. Alivyofungua mdomo tu nikajua wanataka aonekane katokea wapi. Suruali inaishia kwenye ugoko, maneno anayavuta, tajiri akimwita anaruka kama kaona nyoka. Dada wa mjini anamuuliza, "We Muha, kwenu kuna lami?" Mezani wote wanacheka. Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akasimamisha mkono, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ndivyo wanavyotuona?" Nikazima TV.

Baba yake mama alikwenda manamba, akakata mkonge Tanga miaka mingi. Alirudi na baiskeli, sanduku la bati na kifua kibovu, akasomesha watoto sita. Mtu akiniwekea Muha wa kuchekwa getini, mimi namwona babu.

Na tamthilia nazipenda kwelikweli. Nimekulia Ujiji, TV moja ya chogo kwa nyumba nane, dishi kubwa la waya uani, mtoto mmoja kazi yake kulisukuma huku wengine tunapiga kelele "hapohapo, usiguse!" Isidingo tuliiangalia kwenye chenga. Kiingereza hatukijui, kaka aliyekuwa sekondari ndiye mkalimani, na nina hakika nusu alikuwa anatunga. Lakini Cherel tulimchukia bila mkalimani, na Barker Haines akitokea bibi alikuwa anasonya. Niliposikia imefika mwisho huko kwao Afrika Kusini, Machi 2020, nilimpigia kaka simu tukakaa kimya kidogo kama watu waliofiwa.

Tupeane uzoefu. Tamthilia gani ilikushika, ilikukuta wapi, ikakufanya nini? Na hili la kuchekwa, ni mimi peke yangu linaniuma?

Mwana Kasulu
Mlinzi Muha, mganga Kigoma, dada wa kazi Iringa. Nimechoka na mimi.

Kibirizi Gizani
Dada Binti, mimi ni mvuvi wa dagaa, tamthilia naziangalia kwa kufuata mwezi. Mwezi wa angani. Giza likiwepo tuko ziwani na taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, tunakaa nyumbani. Kwa hiyo kila tamthilia naijua nusu. Nimemwacha bibi harusi anavaa shela, narudi kutoka gizani ni mjane. Mke wangu ndiye ananisimulia, na kwenye mtumbwi nami nawasimulia wenzangu, mpaka kunapambazuka watu wanabishana nani alistahili kurithi kampuni.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua. Mfukoni palikauka, sidanganyi, tulikula kwa daftari la dukani. Lakini ndiyo mara yangu ya kwanza kuangalia tamthilia bila kuruka siku. Nikagundua yule mama mkwe niliyemchukia miaka miwili hana kosa lolote! Mke wangu alikuwa hampendi, basi kila jema alilofanya hanisimulii. Nilimuuliza, akasema, "Kwani mimi ni redio?"

Na huyo mlinzi: mtumbwini kwetu kuna Waha, Wabembe, Wamanyema na ndugu wa ng'ambo Kongo. Hakuna anayeongea vile.

Mama Wawili Gungu
Yangu ni Doudou na Mama Wakwe Zake. Ile ya Wachina iliyotiwa Kiswahili, TBC, 2011. Nilikuwa na miezi minne ya ndoa, naishi kwa wakwe, na mama mkwe haniongeleshi. Kosa langu: migebuka ya kwanza kupika pale niliikaanga kwa mafuta ya alizeti, kwenye nyumba ya watu wa mawese. Salamu anaitikia, basi.

Jioni moja Doudou anazozana na mkwewe, mama akasema, macho kwenye TV, "Huyo mama naye kazidi." Na mimi macho kwenye TV nikasema, "Na Doudou naye mdomo hana breki." Tukaendelea hivyo siku nyingi, tunazungumza kupitia TV bila kutazamana. Kisha usiku umeme ukakatika katikati. Enzi zile za majenereta ya dizeli, gridi ya taifa haijafika, mgao hauna ratiba. Tumekaa gizani, akaniuliza, "Unadhani atarudi kwa mumewe?" Mara ya kwanza ananiuliza kitu. Nilijibu kwa dakika kumi.

Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake. Mama akanigonga bega: "Umesikia? Hata mwenyewe anamjua Doudou wetu." Ametangulia mbele ya haki mwaka jana. Migebuka siku hizi napika kwa mawese, hata nikiwa peke yangu.

Isevya Kwetu
Naandika kutoka Tabora. Pole mama Gungu. Ila mimi hizi za kutiwa sauti siziwezi. Mwanamke wa Istanbul analia, machozi ya kweli, halafu sauti inatoka kama anasoma tangazo la sabuni. Mdomo umefungwa, maneno yanaendelea. Sanaa ya mtu imeuawa. Wangeweka maandishi chini tu.

Mjukuu wa Katonga
Maandishi chini asome nani? Bibi yangu hajawahi kukanyaga darasa. Tangu Azam Two waanze kuonyesha za Kituruki kwa Kiswahili amekuwa mtu mwingine, anawajua masultani na mawaziri wao kwa majina, saa moja kasoro ameshaswali na kukaa. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa anatuuliza "kasema nini?" na sisi tunamjibu "nyamaza bibi". Sauti imemkosea wewe, bibi yangu imempa kiti.

Isevya Kwetu
Sijamsema bibi yako. Nimesema kazi ifanywe vizuri. Watafute watu wanaojua kulia.

Mjukuu wa Katonga
Hilo sawa. Ungeanza nalo.

Mnyamwezi Halisi
Narudi kwa mwanzisha mada. Tatizo si mlinzi peke yake, tamthilia yetu nzima inaishi kwenye sebule moja ya Dar. Sofa nyeupe, ngazi za vioo, kampuni ambayo mpaka inafungwa hujui iliuza nini. Kanumba alizaliwa Shinyanga, akapitia kundi la sanaa la Kaole, tukamwangalia ITV mpaka akawa Kanumba. Mikoa inatoa waigizaji, hadithi zinabaki Mbezi. Mimi nataka kuona mtu anakosana na nduguye kwa ajili ya mizinga ya nyuki. Nataka ndoa inayovunjika msimu wa tumbaku, pesa zimetoka, mume haonekani siku tatu. Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Mwana Kasulu
Siri ya Mtungi ilijaribu. Cheche mpiga picha, Bagamoyo, watu wanaongea kama watu. 2012 hiyo. Ilinifanya nitamani kamera.

Wa Bangwe
Nilikuwa nasoma tu, sikupanga kuandika. Mama Gungu kanigusa, acha niseme, wiki ya tatu sasa sijamwambia mtu.

Mume wangu anafanya biashara ya kuvuka ziwa, mchele na sabuni, Kalemie na Uvira. Wiki mbili yupo, wiki mbili hayupo, miaka tisa sasa. Sisi hatujajaliwa mtoto. Jioni natandika mkeka, watoto wa mtaani wanaingia kuangalia, nawapa karanga, nyumba inachangamka.

Mwezi wa nne kahamia mama mmoja nyumba ya nyuma, ana binti wa miaka kama saba. Yule mama ukikutana naye kisimani anainamisha macho, hasogei. Lakini mtoto alikuja siku ya pili tu. Mtulivu, anakaa ukingoni mwa mkeka, kandambili kazipanga mlangoni. Tangu siku ya kwanza ananiita shangazi. Nikasema huyu kalelewa.

Tamthilia tuliyokuwa tunafuata ina bwana mwenye nyumba mbili, mke mkubwa hajui. Siku moja nimekasirika nikasema kwa sauti, "Mwanaume gani analala nyumba mbili watu wasijue?" Yule binti akajibu bila kugeuka, "Baba yangu. Moja yetu, moja ya biashara." Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka.

Alhamisi ile mume karudi kabla ya siku yake, boti ilipata nafasi. Mlango uko wazi, saa moja na nusu, tamthilia ndiyo imeanza. Kaingia na mfuko begani. Yule mtoto akasimama, akapita juu ya miguu ya wenzake, akamkumbatia kiunoni. "Baba! Umekuja kwa shangazi!"

Mkeka mzima uligeuka. Mume wangu hakumsukuma, hakumshika. Mikono ilibaki juu. Kwenye TV watu wanaendelea kugombana, hakuna anayewasikiliza.

Baadaye nikaja kujua mwenzangu aliambiwa mimi ni dada yake mkubwa, nyumba ni ya ukoo, na dada huyo ni mkali asimsogelee. Mtoto akaambiwa kule kwa shangazi kuna TV. Hakuna aliyedanganywa zaidi ya mtoto, yeye alikuwa ananipenda kama shangazi yake.

Bwana kaenda tena ng'ambo. Ninalouliza ni hili. Mtoto bado anakuja. Haingii, anasimama dirishani nje, kashika nondo, anaangalia kutokea hapo. Nimfanyeje?

Dereva Nguruka
Hii chai. Tena ya maziwa. Mtaa wa Bangwe nyumba ya nyuma miezi yote hiyo mtu asiseme?

Mama Wawili Gungu
Mwanangu dereva, mtaa ulikuwa unajua. Wa mwisho kujua ni mwenye nyumba, siku zote. Mwache mwenzio apumue.

Dereva Nguruka
Mama samahani, lakini tumeshapigwa hadithi nyingi humu.

Kibirizi Gizani
Mimi navua na watu wa njia hiyo. Si chai. Naishia hapo.

Mwana Kasulu
Dada, mtoto mfungulie, baba mfungie.

Katubuka Juu
Mimi ningefunga dirisha na pazia. Moyo wako kwanza. Mtoto ana mama yake, anunue TV. Tena uza hiyo, kaa miezi sita bila tamthilia, akili itulie.

Mnyamwezi Halisi
Usiuze kitu chochote, wala usiondoke kwenye nyumba. Ndoa yenu iliandikishwa ya mke mmoja au ya wake wengi? Toa cheti uangalie. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwenye ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine juu yake. Na ukitaka kwenda mahakamani kuomba talaka, kwa kawaida unapitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, ndilo linatoa hati. Anza kukusanya risiti za mlichojenga pamoja. Kulia utalia, lakini risiti zikae pazuri.

Fundi Dishi
Pole sana dada. Naomba nijibu na walioniuliza pembeni: Gungu na Mwandiga mvua ikishuka picha ikakatika, king'amuzi hakijafa. Dishi dogo mvua kubwa inalizidi. Subiri, au nije nilikaze, mara nyingi limesogea kidogo kwa upepo wa ziwani. Msigonge TV.

Binti Mwanga
Nilifungua mada nikiwa na hasira ya mlinzi wa getini, sasa nimekaa namuwaza huyu mtoto kwenye nondo. Dada wa Bangwe, mama yangu kasema nikuandikie hivi: yeye alilelewa na mke mwenza wa mama yake, na hadi leo ndiye anayemwita mama. Hakusema zaidi, karudi kwenye ungo wake.

Isevya Kwetu
Na hii ndiyo ningeiangalia. Bila jumba, mkeka tu na dirisha.

Katubuka Juu
Isevya, maisha ya mtu si ya kutengenezea tamthilia. Mwache.

Isevya Kwetu
Samahani dada wa Bangwe. Nimesema vibaya.

Wa Bangwe
Hamna neno. Cheti nimekitoa, ni ya mke mmoja. Jumatatu nakwenda kwa watu wa kata kuuliza.

Leo saa moja na nusu alikuwa dirishani. Nimefungua mlango, sikusema kitu. Kapanga kandambili zake, kakaa ukingoni palepale. Yule bwana wa nyumba mbili kakamatwa leo, mke mkubwa kaingia na ndugu zake. Mtoto kaangalia mpaka matangazo, halafu kaniuliza, "Nikuite nani sasa?" Nimemwambia kesho nitamjibu.

Mama Wawili Gungu
Kesho utuambie, mwanangu. Na karanga umempa?

Wa Bangwe
Nimempa.